Swichi ya Bandani

Majirani walimwita Bibi Zima. Alilelewa na kibatari cha kupimiwa mafuta kwa kijiko, na mpaka leo hatoki chumbani bila kupiga swichi; mkono huenda wenyewe. Mjukuu wake, mfuga kuku, alimwomba jambo moja tu: "Bibi, taa ya vifaranga usiizime hata mchana. Wakipigwa na baridi, wamekwisha." Naye akaapa.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa shambani, jembe mkononi, moyo ukamlipuka paa! Si alipita bandani kuwachungulia? Na swichi si ililia ta? Akatupa jembe, akakimbia na magoti yake mabovu, akimlaani aliyeleta umeme kijijini.

Bandani taa ilikuwa inawaka. Vifaranga walikuwa chini yake, wazima, wakisukumana.

"Nani ameiwasha?" akauliza, akihema.

"Haijazimika, Bibi," mjukuu akajibu, akiwamiminia maji. "Waya wa swichi hiyo niliukata, taa nikaiunga moja kwa moja na umeme, siku ile ile uliponiapia."

Bibi akanuna, akageuka kurudi shambani. Alipofika mlangoni, mkono ukapita ukutani: ta.