Siku Niliyopima Damu Yangu Mara Mbili

Kama mtambo wake ni wa uongo, mbona umesema kitu kilekile jana na leo? Swali hilo aliniuliza jirani yetu wa Nsemulwa, Mama Kulwa, mbele ya darasa lililojaa watu, na mimi niliyerudi nyumbani na shahada yangu ya jiografia nikabaki nimesimama na pamba kidoleni. Naikiri aibu hiyo mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Kuna mtu alikuja Mpanda wakati wa likizo, akakodi darasa la chekechea, akaweka hadubini mezani, akaiunganisha na runinga kubwa ukutani, akajiita Dokta (wa nini, hakusema, nilipomuuliza alicheka). Anakutoboa kidole, anapaka tone kwenye kioo, na papo hapo damu yako inatokea kwenye runinga, chembe kubwa kama visahani, zinacheza, na ukumbi mzima unaziangalia. "Hospitalini wanawapima damu iliyokufa," alikuwa anasema. "Wanaifungia kwenye kichupa, wanaondoka nayo, nyie mnaletewa karatasi. Hapa ni damu hai! Unajiona mwenyewe." Watu walikuwa wanapanda bodaboda kutoka Kakese kuja kujiona wenyewe.

Mimi nilikuwa nachemka, na sababu yangu ilikuwa moja tu, Mama. Mama ana sukari, jambo ambalo nyumbani tulilijua wawili tu, hata wenzake wa kwaya hakuwaambia, na vidonge vya hospitali vilikuwa vinamvuruga tumbo, kila siku ananiambia, "Limi mwanangu, nimevichoka hivi." Halafu huyo Dokta alikuwa na makopo ya unga wa mizizi, anasema ukianza kuunywa, dawa za hospitali weka kando. Mama aliposema na yeye anataka kwenda kupimwa, usingizi uliniisha.

Basi nikaamua kamchezo kadogo (kamchezo! laiti ningebaki nyumbani nikaosha vyombo). Siku moja kabla ya zamu ya Mama nilienda peke yangu, nimejifunika ushungi na barakoa, nikajiita Rehema. Nikatobolewa, nikapewa karatasi: chembe zimeshikana, ini limechoka, tumboni kuna fangasi. Kesho yake nikaenda na Mama, uso wazi, jina langu halisi, na kabla sijakaa kwenye kiti nikamkunjia Mama Kulwa ile karatasi mkononi kama shahidi, nikawageukia watu wote, nikapaza sauti kama mgombea udiwani: "Huyu alishanipima kwa jina lingine! Mtambo wake ukiwa wa kweli, utasema yaleyale. Ukisema mengine, ni mwongo, na wote tuondoke!"

Yule bwana hakutoa hata jasho. Akanitoboa, akaitazama runinga, akasikitika. "Dada yangu, chembe zimeshikana. Ini limechoka. Na fangasi ninawaona pale tumboni."

Mama Kulwa akaifungua karatasi, akaisoma polepole, neno kwa neno. Vigelegele! Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Msomi wetu amemtangazia mwenzake biashara bure!" Darasa zima likaangua kicheko. Hapo ndipo likaja lile swali la Mama Kulwa. (Jibu lilinijia tayari niko kwenye bajaji kurudi nyumbani, nikajipiga paji la uso hadi dereva akageuka: alikuwa anamwambia kila mtu maneno yaleyale. Ningempelekea damu ya mbuzi, na mbuzi naye angechoka ini.)

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mama akaitwa, akanipa mkoba wake nimshikie, na mkoba ulikuwa wazi, na ndani nikaona karatasi ya maabara ya hospitali yenye tarehe ya siku hiyohiyo, sukari imepanda, kumi na nne. Sikujiuliza imefikaje humo. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza! Dokta alikuwa ameanza wimbo wake, chembe zimeshikana, ini limechoka, na mimi hasira zikanipanda, nikasimama juu ya kabenchi kamoja ka watoto, nikaipeperusha karatasi.

"Na sukari je? Huyu ni mgonjwa wa sukari! Hospitali imeona kumi na nne asubuhi ya leo! Mtambo wako mbona hauioni?"

Wanakwaya wenzake wawili waliokuwepo wakamgeukia Mama. Yule bwana akaikodolea runinga, akachukua kijiti, akagusa vidoa fulani kwenye kona. "Ndiyo hii hapa," akasema kwa upole. "Nilikuwa naifikia. Hii yote mnayoiona ni sukari." Watu wakaguna kwa mshangao. Na kabenchi kakavunjika, nikaenda chini na mkoba, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniinua, Mama yangu akiwemo.

Alirudi nyumbani na kopo la unga. Vidonge akaviacha. Nilimbembeleza, nikagomba, nikalia, akawa ananijibu, "Si ameiona?" Wiki ya tatu alianguka jikoni, tukamkimbiza hospitali, na yule Dokta wakati huo alikuwa ameshahama na runinga yake. Mama alipona, akarudi kwenye vidonge. Mimi nimejiapiza sitamtega tena mtu hadharani bila kwanza kuujaribu mtego wangu mwenyewe, na sitatoa ya nyumbani nje ili nionekane nina akili. Lakini hasira haijaisha, na sehemu kubwa ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Maana mwaka uliofuata, tukiwa tunachambua maharage, Mama alisema bila hata kunitazama kwamba asubuhi ile alikuwa ameenda maabara peke yake, kwa siri. Yule Dokta, Mama alikuwa amemwambia kwamba anaumwa miguu tu. Neno sukari alilificha makusudi, aone kama mtambo utaiona wenyewe, na kama usingeiona, angeendelea na vidonge vyake.