Vifuu Vilivyooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Nilifundisha shule miaka mingi, nikastaafu, nikajitosa kwenye mkaa. Si mkaa wa miti. Wangu ni wa vifuu vya nazi: unavichoma kwenye pipa lililofunikwa, unasaga, unachanganya na uji wa muhogo, unashindilia kwenye mashine, kisha unaanika. Karakana yangu iko Mbagala, na vifuu naletewa na kina mama kumi na wawili wa mtaani wanaokuna nazi na kuuza tui. Mimi ni mtu wa Njombe, nimekulia viazi, nazi nimeijulia ukubwani. Wao ndio walionifundisha kwamba kifuu kikavu ukikigonga kinalia, na kilicholowa kinanyamaza.

Basi kiwanda kimoja cha biskuti kikataka kuwashia matanuri yake kwa mkaa wetu. Nilifurahi mpaka nikamsalimia mbuzi wa jirani. Ila walikuwa na sharti: vifuu vya kila gunia vijulikane vimetoka kwa nani, ili wawe na hakika kwamba hakuna mkaa wa msituni uliochomekwa humo. Mkaguzi angekuja Jumatano saa nne asubuhi. Asiporidhika, kazi ingekwenda kwa mwingine, nami ningefunga karakana, maana wateja wangu wa rejareja hawakutosha hata kuilisha mashine umeme.

Kwa kuwa ualimu hautoki mwilini, nilikata karatasi, nikaandika namba, nikamgawia kila mama zake afunge kwenye magunia. Baada ya wiki namba tatu ilikuwa kwenye gunia la namba tisa, namba saba ilikuwa imewashia jiko, na namba moja niliikuta imefungiwa bagia.

"Mwalimu, sie tunajuana," aliniambia mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyeanza kukuna nazi kabla mimi sijaingia chuo. "Karatasi ya nini?"

Nilikasirika. Hasira zangu haziko mbali, mke wangu ni shahidi. Nilimweleza habari za ushahidi, za misitu na za kiwanda, akanisikiliza kwa heshima zote, halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumanne nikawatangazia kwamba kesho tuna mgeni. Nilitamka neno hilo, mgeni, bila kufikiri, na kosa langu lilikuwa hilo hilo.

Jumatano saa mbili nafika, nakuta uwanja mzima umetandazwa kanga. Juu ya kila kanga kuna vifuu, na vifuu vyote vimeoshwa. Kwa sabuni ya unga. Kila mama alikuwa amesugua vyake kwa dodoki, akavisuuza, akavipanga kama vyombo vya harusi. Vilikuwa vinameta na kuchuruzika maji. Na kifuu kilicholowa hakiungui, kinafuka tu.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwalimu. Umeonaje?"

"Mmeviosha?"

"Sasa mgeni aje akute uchafu? Kwani sie tumezaliwa jalalani?"

Nilijaza pipa vifuu, nikawasha, nikapuliza. Ukatoka moshi wa kufukuza nyuki. Nikalipiga pipa teke, nikaumia kidole. Nilipoinua macho yaliyojaa machozi, mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni: binti mdogo, buti miguuni, kishikwambi mkononi. Akaamkia watu wote, mmoja mmoja.

"Mbona vimelowa?" akauliza.

Nilifungua mdomo nidanganye. Mwenyekiti akaniwahi. "Tumekuoshea wewe, mwanangu. Siku zote vinakuwaga na uchafu."

Binti akaanza kupita katikati ya kanga. "Hivi vya nani?"

"Vyangu," akasema mwenyekiti. "Nazi za Mkuranga, nimezikuna juzi, wali wa hitima."

"Na kwa nini hamkuviweka pamoja?"

"Nichanganye na vya huyo? Huyo hakusugua vizuri."

Kina mama wakaondoka wote kumletea madafu, wakigombania nani achague dafu lipi. Hapo nikamwona mkaguzi anainama, anachukua kifuu kwenye kanga ya mwenyekiti, anakihamishia kanga ya tatu, na cha huko anakileta huku. Nikajua anatupima. Katika vifuu mia kadhaa, vyote vinameta kwa sabuni, nani angejua?

Mwenyekiti alirudi na dafu lake, akatupa jicho chini, akasimama.

"Hiki nani kaniletea? Changu siyo. Mie navunja nazi pigo moja, katikati. Hiki kapiga yule, anaipigaga nazi kama imemtukana."

Kabla hajamaliza, yule wa kanga ya tatu alikuwa anakuja na kifuu mkononi. "Shoga, na chako hiki hapa."

Mkaguzi alipokea dafu, akaketi juu ya magunia, akacheka mpaka dafu likamwagika. Akafuta machozi, akanigeukia. "Mwalimu, kwenye fomu kuna sehemu ya alama ya utambuzi. Niandike nini?"

Nilizipapasa mfukoni karatasi nilizoandika upya, namba moja mpaka kumi na mbili. Nikaziacha humo humo.

"Andika kanga," nilisema.

Akaandika. Akasema uchomaji atakuja kuutazama vifuu vikishakauka, ila alichotumwa kukitafuta amekiona, na kazi ni yetu. Tangu siku hiyo kila gunia linafungwa mdomo kwa utepe uliochanwa kwenye kanga ya mwenyewe, na hakuna utepe uliowahi kupotea.

Kwa fundi cherehani wa jirani redio ilikuwa inapiga singeli. Mimi ni mzee wa kanisa na goti langu bovu, lakini furaha ilinizidi. Nilicheza. Nilizunguka katikati ya vifuu mikono juu, kina mama wakinipigia vigelegele, mkaguzi akipiga makofi.

"Cheza, mwalimu, cheza," akasema mwenyekiti. "Ila kanga yangu usiikanyage. Bado vinakauka."