Mashine Iliyojua Zamu za Baba

Mashine yetu ya kahawa ilikuwa ikianza kwa kukohoa. Ilikohoa gizani, ikanyamaza kana kwamba imejishtukia, kisha maji yakaanza kutokota tumboni mwake na harufu ya kahawa ya Bukoba ikapenya chini ya pazia la chumba changu. Tuliishi Kalangalala, mjini Geita, na baba alikuwa dereva wa yale malori makubwa yanayobeba mawe mgodini. Mashine ile baba alipewa na bosi wake, Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuja na plagi ya pini nene za mviringo isiyoingia kwenye soketi yoyote ya nyumba yetu, mpaka fundi akaikata na kufunga nyingine. Karatasi zake za kuchujia zilipoisha, mama alishona chujio la kitambaa cha pamba, akawa analifua na kulianika kambani pamoja na nguo zetu. Mwenyewe kahawa ile hakuinywa. Alisema inamfanya moyo uende mbio.

Uzuri wa mashine ile, au ubaya wake, ni kwamba ilitegeshwa saa. Baba peke yake ndiye aliyejua kuitegesha, na alivyojisikia nayo ungedhani ameiunda yeye. Akiwa zamu ya mchana, ilichemsha kabla ya alfajiri ili anywe na kuwahi basi la kazini. Akiwa zamu ya usiku, ilikohoa jioni, mimi nikifanya kazi za shule mezani. Siku za mapumziko aliizima, tukanywa chai ya maziwa wote pamoja. Sikuhitaji kuuliza baba yuko zamu gani. Pua yangu iliniambia.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mvua zilipoanza, kahawa ikachemka alfajiri, na kesho yake alfajiri, na wiki iliyofuata alfajiri vilevile, Jumapili ikiwemo. Jioni mashine ilikaa kimya. Mimi nilifurahi, maana baba alilala nyumbani kila siku, nikadhani amepandishwa cheo. Mama hakufurahi. Jumamosi moja nilimkuta ameinama juu ya beseni akifua ovaroli la baba, na maji hayakuwa yamebadilika rangi. Zamani ovaroli lile lilitoa tope jekundu, tukamwaga maji na kuteka mengine. Mama aliliinua, akalinusa kwenye kola, akalirudisha majini. Nilikuwa mdogo, si mjinga. Nilijua mwanamke hanusi nguo ya mumewe kutafuta vumbi.

Kuanzia hapo hewa ya nyumbani ikawa nzito. Mji wetu ulikuwa na pesa za dhahabu na maneno mengi, na kila mke wa mfanyakazi wa mgodini aliwahi kusikia habari za nyumba ndogo ya mume wa fulani. Mama alimwandalia baba chakula na kumwitikia alipoita, lakini alimtazama kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Siku moja niliingia chumbani kwao kuchukua chanuo, nikaona begi limefungwa na kusukumwa chini ya kitanda. Juu yake palikuwa na sweta langu. Nikajua tunakwenda Shinyanga kwa bibi, na kwamba baba haendi. Niliogopa. Nilisali mashine ikohoe jioni, hata mara moja tu, ili mama aone kwamba zamu zimerudi na baba wetu ni yuleyule.

Haikukohoa jioni. Badala yake umeme ulikatika usiku kwa mvua, ukarudi, na saa ya mashine ikapotea, namba zake zikabaki zikiwaka na kuzima. Alfajiri ile hatukusikia kitu. Niliamshwa na jua dirishani. Mama alikuwa ameketi sebuleni, begi liko miguuni pake. Baba akatoka chumbani, shuka kiunoni, akasimama mbele ya mashine akiitazama.

"Baba Kabula," mama alisema taratibu, "basi limekuacha. Mbona hukimbii?"

Kabula ni mimi. Baba alinyoosha mkono kuitegesha ile saa, kisha akaurudisha.

"Nikimbilie wapi, Mama Kabula? Unga umeshamwagika. Tulipunguzwa kazi tangu mvua zilipoanza."

"Na kila asubuhi unakwenda wapi?"

"Natafuta kazi. Nikichoka nakaa stendi mpaka saa ya kurudi ifike."

Mama alicheka, kicheko kibaya kilichogeuka kilio hapohapo. "Mayu, mama yangu! Mimi nilidhani kuna mwanamke. Kumbe stendi, Baba Kabula! Mvua yote hii, stendi!" Akachomoa plagi ya mashine ukutani, akaenda kuwasha jiko la mkaa. Tulikunywa chai ya rangi asubuhi ile, baba ameshika kikombe kwa mikono miwili, hawezi kunitazama. Begi lilifunguliwa mchana, na sweta langu likarudi kwenye msumari wake. Sitasema mambo yalinyooka. Baba hakurudi mgodini tena. Aliendesha bodaboda ya mtu, akawa mkali kwa vitu vidogo, na mashine haikuchomekwa tena mpaka tukahama.

Sasa naishi Shinyanga na nina mashine yangu, ya kisasa zaidi. Unaweza kuitegesha kwa simu ukiwa kitandani. Siitegeshi. Naibonyeza kwa mkono, nikishaona nyuso za watu wangu, na mume wangu hunicheka kwa hilo. Wiki iliyopita kazi yake ilikwisha. Alinipigia palepale, kabla hata hajatoka getini, nami nikalia ofisini mbele ya watu bila aibu. Nililia kwa hofu, na pia kwa shukrani ambayo mama yangu hakuipata. Hofu yetu ni ileile ya wazazi wangu, ila sisi tunalala nayo wawili.

Baba yuko kwetu kwa sasa, amekuja kutibiwa macho. Jana asubuhi mashine ilipokohoa, nilimwona akigeuka kutafuta viatu vyake mlangoni. Nilimwamkia, nikamweleza habari za mkwe wake. Alilitazama jagi la kahawa hadi likajaa.

"Alikwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

Alikisukuma kando kikombe nilichokuwa nimemwekea.

"Basi, kahawa ya kwanza mpelekee yeye."