Hodi ya Tatu

Fundi wangu wa magari hapa Sanaiya, mtaa wa magereji wa Nizwa, hachomeki waya wa kupimia gari mpaka abishe hodi. Huinama chini ya usukani, akalipapasa tundu kwa kidole gumba kilichopinda, akasema "hodi" kwa sauti ya mgeni mwenye adabu. Gari za petroli humwitikia zote: mashine yake huwaka, naye hujijibu mwenyewe, "Karibu." Leo yangu ya umeme imegoma tangu asubuhi, mama ananingoja Birkat al Mauz nimpeleke hospitali, na mzee huyu anabisha hodi. Mashine ikaandika: subiri idhini ya kampuni iliyounda gari. Akachomoa, akaupangusa waya kwa pindo la kanzu, akabisha tena. Subiri idhini. "Mzee wangu, chomeka tu, wallahi nimechoka." Akabisha ya tatu, akangoja, kisha akaukunja waya taratibu kama anayekunja msala. "Hodi ni tatu, mwanangu. Wenyewe hawataki."

Nilikuwa nishafungua mdomo nimjibu vibaya, mara vioo vya ubavuni vikajikunja, milango ikajifunga na kujifungua, na skrini ikaandika kwamba kampuni imeingia kutoka mbali na hitilafu imeondoka. Fundi akarudi nyuma hatua moja, akachungulia kiti cha nyuma. "Huyu," akasema polepole, "kaingia bila ya hodi." Gari ikawaka. Nikashika mlango niingie kwenye gari yangu mwenyewe, nikajikuta nabisha hodi.