Pampu ya Komora Ilipokataa Kuzima

Wewe bisha tu, eti ukifunga dizeli injini lazima izime. Ungekuwa kijijini Idsowe siku ile ungenyamaza.

Rafiki yangu Komora ananyweshea mahindi yake kwa pampu ya dizeli. Fundi wake ni mimi, nimejifunza kwenye simu. Asubuhi nilisafisha filta ya hewa, nikaiwekea oili ya kunasa vumbi. Mchana tukafunga dizeli, pampu ikazidi kunguruma na kufuka moshi.

"Tuizibe hewa ife," Komora akasema.

"Tulia, bro! Hii ni dizeli chafu." Nikamgeukia Mama Amina, anayetuuzia dizeli, aliyekuja na majirani kuona moshi, nikamfokea mbele za watu. "Mama, unataka kumuua ndugu yangu kwa njaa?"

Nilikuwa bado nafoka injini ilipopasuka. Filta ikaanguka, oili ikamwagika mpaka miguuni pa Mama Amina. Kumbe injini ilikuwa inavuta na kunywa oili hiyo ya filta, si dizeli.

"Nani alijaza oili hivi?" Komora akauliza, huku anaangalia mahindi yake yaliyokuwa tayari yameanza kunyauka kwa jua.

"Sema sasa, fundi," Mama Amina akaniambia.

Nilijaza mimi, mpaka juu, kwa sababu kitu cha ndugu yangu sikinyimi. Ungekuwa wewe, ungeanza kumwomba nani msamaha?