Niliandika kwa Faili, Sikufungua Mdomo

Nimekosa mimi. Si daktari, si hospitali, ni mimi na kiburi changu. Miezi tisa nimekaa na hili jambo, hata mama yangu hajui. Leo nawaambia nyinyi msionijua kwa sababu nikiendelea kulificha litaniua.

Mimi ni nesi huku Kitui. Wakati huo nilikuwa bado mgeni kazini, wodi ya wamama waliojifungua. Daktari wetu alikuwa kijana wa intanshipu, mgeni kama mimi tu. Tulianza vizuri, hata chai na mandazi tulikuwa tunakunywa meza moja.

Siku moja kwa raundi nikaanza kumweleza habari za mgonjwa, akanikata mbele ya wodi nzima: "Sista, mimi sitaki hadithi. Andika kwa faili, nitasoma." Wamama wakacheka. Woi, nilishikwa na aibu mpaka masikio yakapata moto!

Na mimi nikikasirika sigombani, nanuna. Nikasema sawa, umetaka faili, utakula faili. Wiki mbili sikumsemesha. Akiniuliza kitu, namsukumia faili. Wenzangu wakaniita bubu, nami nikajiona mjanja!

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Matinyani. Nitamwita Mwikali, ingawa si jina lake. Alikuwa amejifungua msichana asubuhi hiyo, na mama mkwe wake alikuwa hapo kando amepakata mtoto.

Saa nne nikampima. Presha ilikuwa imeshuka, mapigo ya moyo yanaenda mbio, na pedi niliyombadilishia muda si mrefu ilikuwa imelowa tena. Akanishika mkono. "Sista, naskia baridi sana."

Nilijua! Hata sitawadanganya, nilijua ni nini. Nikamsugua tumbo, nikamfungulia maji ya mshipa, nikaandika kila kitu, na chini nikapigia mstari: daktari amwone haraka. Nikabeba faili mpaka chumba cha daktari. Alikuwa ameinamia karatasi za wagonjwa wa kuenda nyumbani.

Akainua kichwa. "Kuna shida, sista?"

Nikaweka faili juu ya zile zingine, nikatoka.

Maneno matatu tu! "Mwikali anavuja damu." Yangenipunguzia nini?

Nikarudi, nikamfunika blanketi, nikaingia kwa wagonjwa wengine huku nikingoja asome. Hakusoma. Alidhani ni faili ya kawaida, maana nilikuwa nimemzoesha hivyo. Baada ya kama nusu saa mama mkwe akapiga nduru. Daktari akatoka mbio, tukasukuma kitanda sote, na Mwikali akakata roho kabla hatujafika theatre ya upasuaji.

Kwa kikao cha kuuliza kilichotokea, faili yangu ilizungushwa mezani. Saa iko, sahihi iko. Nikasifiwa! Jamani, mimi nikasifiwa!

Daktari alipoulizwa kwa nini hakusoma, alilia mbele ya wakubwa wake. Akasema, "Ni makosa yangu." Angesema kwamba aliniuliza nikanyamaza. Hakusema. Aliniangalia mara moja tu, nami nikatazama viatu vyangu. Aliondoka mwezi huo, na sijui kama bado ni daktari.

Nyinyi mnaoanza kazi, manesi na madaktari, mtakosana, hilo haliepukiki. Nunianeni huko kantini mpaka mchoke. Lakini mgonjwa akibadilika, fungua mdomo! Mvute kwa koti akikataa kusikia, akutukane akitaka. Na wewe daktari, nesi akiweka kitu mezani bila kusema, usimwache atoke. Mfuate umuulize tena.

Mtoto analelewa na nyanya yake, yule mama mkwe. Humleta kliniki kwetu, na kila akiniona hunishika mikono yote miwili, anasema Mungu anibariki, kwa sababu mimi ndiye nilimfunika mwana wake blanketi. Alimpa mtoto jina langu. Msiniulize ni lipi.

Alhamisi wanakuja kwa sindano ya miezi tisa. Mara ya mwisho nyanya alimwita mtoto pale kwa benchi, nikaitika.