Bakhshishi za Vyumbani

Isemwe mapema ili pasiwe na mtu wa kungojea bure: Bi Shemsa wa Kiponda hakufika Makka. Jina lake lilitoka, viza ikagongwa, sindano za kinga akachomwa, na nguo nyeupe za safari zikashonwa jozi tatu. Hakwenda. Mtaa mzima ulisema uliyosema, na watu wa Kiponda wakianza kusema hawahitaji kusaidiwa. Sababu yenyewe waliijua watu wanne tu: yeye, binti yake Faiza, Mwalim Msabah wa chuo cha Kurani, na mwanawe wa kiume, Mudrik, aliyekuwa mhudumu katika meli kubwa ya watalii.

Mudrik alipanda meli akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa na sura ya bashasha na Kiingereza kilichonyooka, kwa hiyo wakamtia baa. Kazi yake ilikuwa kubeba sinia la vinywaji kutoka kaunta hadi kwenye viti vya kando ya bwawa la kuogelea. Huko bakhshishi zilikuwa za kuokota, maana mgeni akishalewa mkono wake hauna hesabu. Mwezi wa pili tu akatuma nyumbani fedha ambazo marehemu baba yake, Mzee Ubwa, hakuwahi kuzishika kwa mwaka mzima.

Jioni ileile mama yake akampigia simu.

"Mudrik, fedha nimeziona. Hebu nambie, huko unafanya kazi gani hasa?"

"Nnahudumia wageni, mama."

"Unawahudumia nini?"

Hapo mwingine angesema chai. Chai ilikuwako, tena ya kila namna. Lakini Mudrik alilelewa na mwanamke ambaye ujanani mwake, alipokuwa akichuma karafuu Kizimbani, kila jioni alisimama kwenye lango la shamba akaikung'uta kanga yake mbele na nyuma, isije ikatoka na hata punje moja iliyonasa. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Kwa mtu kama huyo mtoto hajifunzi kusema chai. Akamwambia kweli.

Fedha zilirudi zote. Zilirudi na gharama za kuzituma juu yake, ambazo Bi Shemsa alizitoa kwenye mauzo ya mikate yake ya kumimina. "Mie sikulaumu, mwanangu," alimwambia. "Mtu huanza na alichokipata. Ila hizo sizili."

Mudrik akaenda kwa msimamizi wake, Mgoa mmoja mnene mwenye huruma, akaomba kuhamishiwa vyumbani. Yule Mgoa alimuuliza kama ana homa. Watu walikuwa wakihonga kutoka vyumbani kwenda baa. Hapakuwa na aliyewahi kuomba kurudi nyuma. Akahamishwa, na wenzake wakampa jina la Imamu.

Vyumbani kazi ni kazi. Vyumba kumi na sita asubuhi, na jioni vilevile kumi na sita. Kutandika, kusugua vyoo, kufuta matapishi siku bahari ikichafuka, na taulo lazima ukunje uwaachie wageni ndovu au nyani kitandani, wacheke kidogo kabla ya kulala. Mudrik alikuwa bingwa wa ndovu. Asubuhi ya mwisho wa safari wageni waliacha bahasha juu ya mto. Wengine ndani ya bahasha waliacha shukrani tu, za mwandiko mzuri, na shukrani hainunui unga.

Kilichomuweka mjini kilikuwa kingine. Kila mgeni alikatwa ada ya huduma kwa kila siku aliyolala melini, na mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alipata fungu lake pamoja na mshahara. Siku ya kwanza mwenzake mmoja alimwambia kwamba fungu hilo linatoka kwenye vyumba unavyosafisha mwenyewe. Mudrik aliamini, na wala hakuona sababu ya kuuliza mara ya pili. Fungu hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko bahasha zote zikiwekwa pamoja.

Bi Shemsa aliliita bakhshishi ya vyumbani. "Hiyo ni halali yako," alisema. "Mtu umemsafishia choo chake, akikushukuru, pokea." Na kwa hiyo aliipokea. Lakini hakuila. Aliipeleka yote, kidogo kidogo, kwenye kikundi cha mahujaji, na yeye akaendelea kula mikate yake. Ikapita miaka minane.

Mwaka ule jina la mama yake lilipotoka, Mudrik alipandishwa cheo kuwa msaidizi wa msimamizi. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Wasaidizi wapya walikalishwa darasani wafundishwe namna ya kuwaeleza wafanyakazi wanaoanza juu ya mishahara yao. Mwalimu akachora duara ubaoni. Akaonyesha ada ya vyumbani, akaonyesha asilimia inayoongezwa kwenye kila kinywaji cha baa, akaonyesha kinachotoka kwenye meza za kamari. Vyote, akasema, vinatiwa sufuria moja, vinakorogwa, kisha kila mfanyakazi anapakuliwa chake, awe wa jikoni, wa baa au wa vyumba. Hivyo ndivyo haki ilivyo.

Mudrik akanyanyua mkono akauliza utaratibu huo umeanza lini. Akajibiwa kwamba ndio uliokuwako tangu meli iingie majini.

Hakusema kitu nyumbani. Kila aliposhika simu alikuta ujumbe wa sauti wa mama yake. Ramadhani nzima mama alimtumia habari: leo nimejifunza dua ya kutufu Al-Kaaba, leo Faiza kanipeleka kununua ndara za kutembelea, leo nimemuota baba yako kavaa nyeupe. Mudrik alisikiliza akiwa amesimama kwenye ujia wa wafanyakazi, na wafanyakazi wakipita wakimpiga bega. Alijibu kila ujumbe. Alisema mashaallah.

Alifika Unguja mwisho wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, siku chache kabla ya mahujaji kuondoka. Hakulala siku mbili, siku ya tatu akenda chuoni kwa Mwalim Msabah, aliyemsomesha Kurani utotoni, akamweleza yote. Alichokitaka ni ruhusa. Alitaka Mwalim amwambie nyamaza, umeshasamehewa.

Mwalim Msabah alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe kazi yako ilikuwa halali," alisema. "Hukumimina wala hukubeba. Na kilichochanganyika bila ya wewe kujua, Mola ni Mwingi wa kusamehe. Wako wataokwambia hapana tatizo, na wako wataokwambia bora kujiepusha. Mie ningeweza kukuchagulia. Lakini hija hii si yako, Mudrik. Ni ya Bi Shemsa, na yeye ndiye mwenye kuchagua. Mwambie."

"Na akikataa kwenda?"

"Mwambie."

Alirudi nyumbani akakuta wanawake wamejaa ngazini, akashindwa. Kesho yake akashindwa tena.

Ada ya msafiri wa hija ni kupita kwa watu kuomba radhi, na Bi Shemsa hakuacha mlango. Alikwenda mpaka kwa muuza samaki ambaye mwaka juzi yeye Bi Shemsa alimwita mwizi kwa sababu ya changu wawili. Faiza alimshika mkono kwenye ngazi zote hizo. Jioni ya mwisho, nyumba ilipotulia, akamwita mwanawe.

"Naam, mama."

"Kaa hapo."

Alimkalisha kwenye kiti, na yeye mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka. Mudrik akataka kushuka, akamzuia.

"Mie nnasafiri, mwanangu. Kwenda najua, kurudi sijui. Nilikupiga pengine bila ya haki. Nilikurudishia fedha zako ukiwa mtoto mgeni katika nchi za watu, na labda nilikuvunja moyo. Kwa hayo na mengine nisiyoyajua, nnakuomba uniwie radhi."

Safari hii Mudrik hakukubali kuzuiwa. Akashuka mkekani, akamwambia. Alimweleza lile duara, ile sufuria, zile meza za kamari, na jibu la Mwalim Msabah pia, asije akaonekana amelificha.

Bi Shemsa hakupiga kelele. Alitazama mkono wake, akaanza kuhesabu kwenye pingili za vidole kama afanyaye tasbihi.

"Ulijua lini?"

"Rajabu."

"Rajabu. Shaabani. Ramadhani. Mfunguo Mosi." Akafika pingili ya nne, akakunja ngumi. "Mie nnajifunza kutufu, na wewe wanisikiliza."

"Niliogopa, mama."

"Leo umesema kwa sababu nimekuomba radhi. Nisingekuomba, ungesema?"

Angeweza kusema ndiyo. Pengine hata ingekuwa kweli.

"Sijui, mama. Niwie radhi."

"Sina la kukujibu sasa," alisema Bi Shemsa. Akajishikilia ukutani akanyanyuka, na zile nguo nyeupe zilizokuwa zimekunjwa kitandani akazirudisha kabatini mwenyewe.

Asubuhi alikwenda kwa wakuu wa kikundi akaondoa jina lake. Fedha hazikurudi zote. Zilizorudi alimkabidhi Mwalim Msabah azijengee vyoo vya chuo, kwa kuwa fedha yenye shaka, alivyofundishwa yeye, hupelekwa kwenye manufaa ya wote. Wenye kuuliza aliwajibu neno moja: sikuandikiwa.

Wako watakaosema Bi Shemsa alizidisha. Faiza alisema hivyo, tena kwa sauti, na alilia wiki nzima. Huenda alizidisha kweli. Lakini ni rahisi sana kumpimia mwenzio dini yake ukiwa umekaa kwako unakunywa kahawa, na aliyepoteza safari alikuwa ni yeye, si mwingine. Kwa baa alikuwa ameshasamehe tangu zamani. Kilichomkaa kooni ni ile miezi minne.

Mudrik hakurudi melini. Alikodi mlango mmoja Mkunazini akawa dobi. Kufua na kupiga pasi alikwishajifunza kwa wageni, na kanzu zake zilitiwa dondo la wanga zikasimama zenyewe, hata watu wa Malindi wakawa wanamletea. Kila Alhamisi baada ya alasiri alimpelekea mama yake faida ya wiki. Mama aliipokea, akasema Mungu akuzidishie, akaitia kwenye kopo la maziwa. Walikuwa wanaanza hija upya, kwa kanzu moja moja.

Walizungumza mambo yote ya dunia. Mama alimpikia, alimtania kuhusu mvi zake, alimtafutia mchumba akakosa. Radhi hakuitaja. Na Mudrik hakuthubutu kuomba mara ya pili. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, biashara yake imesimama, lakini kila alipoanza jambo alijiona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha wenyewe, anangoja kunyanyuliwa. Miaka miwili alikwenda hivyo. Kuna watu mtaani waliomwona mwenye furaha.

Alhamisi moja, miezi mitano kabla Bi Shemsa hajafariki, Mudrik alimkuta amelala. Miguu ilikuwa imevimba, na presha haikutaka kushuka. Alimwamkia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa fedha mfukoni. Mama akanyoosha mkono kuzipokea.

Mudrik hakuzitia mkononi. Aliziweka juu ya shuka mafungu mawili.

"Mama, hizi za kufua na kupiga pasi. Hii noti ya pembeni nimepewa bakhshishi. Aliyenipa kaleta kanzu sita za harusi, ana hoteli Shangani, na hoteli yake ina baa juu. Sijui kaitoa wapi."

Mkono wa Bi Shemsa ulibaki hewani.

"Nani kakuuliza?"

"Hapana aliyeniuliza, mama."

Mama akaurudisha mkono kifuani. Mudrik akadhani amekosea, akaanza kuiokota ile noti.

"Hiyo kampe masikini, si yetu," alisema Bi Shemsa. "Na wewe, Mudrik, nimekuwia radhi. Ya dunia na ya akhera. Nimekuwia."

Mudrik aliinama akaweka paji la uso juu ya shuka, akalia kwa sauti, mpaka Faiza akaja mbio kutoka jikoni akidhani mama ameshakwenda. Bi Shemsa alimuashiria asiingie. Aliuweka mkono wake kichwani mwa mwanawe, akauacha hapo mpaka adhana ya magharibi ikatoka, kisha akamwambia aondoke akatawadhe, wakati unapita.